Ng'ombe Asiyekuwepo: Kisa cha Mashindano ya Kusuka Ua Kando ya Mto Maas

Kila mwaka, Jumapili ya pili ya Machi, mamia ya watu huingia kwenye malisho yaliyolowa kando ya mto Maas, mashariki ya jimbo la Noord-Brabant nchini Uholanzi. Wamevaa mabuti na glovu nene za ngozi. Mikononi wana mundu, mashoka na misumeno. Mbele ya kila kikundi kuna kipande cha ua wa miiba, mrefu kumpita mtu, mtupu chini na mnene juu, kama ufagio uliosimamishwa kichwa juu. Kabla jua halijashuka, ua huo unatakiwa uwe umelazwa na kusukwa kiasi kwamba ng'ombe hawezi kuupita. Waamuzi watapita, watachungulia, wataujaribu kwa mikono, wataandika alama. Maelfu ya watazamaji watakuwa wanakula, wanapiga picha, wanauliza maswali. Ng'ombe wenyewe hawatakuwepo. Bado ni baridi, wako bandani.

Ng'ombe huyo asiyekuwepo ndiye ninayemfuata katika kisa hiki. Mashindano haya, ambayo jina lake rasmi ni ubingwa wa taifa wa kusuka nyua za Maas, yalianza katika muongo wa kwanza wa karne hii, wakati mkulima wa eneo lile alikuwa hahitaji tena ua kumzuia mnyama wake. Watu walianza kushindania kazi baada ya kazi yenyewe kwisha. Mambo ya namna hiyo kwa kawaida huishia kuwa maonyesho ya watalii, ngoma ya kuchezwa mbele ya hoteli. Haya hayajaishia huko, na sababu zake zinastahili kuchambuliwa.

Tuanze na kazi. Kwetu michongoma hupandwa, ikishika hukatwa juu kwa panga au mkasi, basi. Ikitoboka chini na mbuzi akapata njia, mwenye nyumba huziba kwa tawi kavu au kipande cha bati. Msukaji wa ua hazibi. Huchagua shina, husafisha matawi ya pembeni, kisha hulikata karibu na ardhi kwa mshazari, akishuka taratibu mpaka kibaki kipande chembamba cha ganda na mti kidogo, kama ulimi. Halafu hulilaza. Shina halivunjiki, na halifi, kwa sababu maji na chakula vinaendelea kupita kwenye ulimi ule. Linaishi limelala. Majira ya joto yakifika, kisiki kinatoa machipukizi yanayokwenda wima na kupenya katikati ya mashina yaliyolala, na kinachopatikana ni kitu kama jamvi lililosimama, ila jamvi hili linaota.

Waholanzi huiita kazi hii kwa kitenzi kilekile wanachokitumia kwa nywele: vlechten, kusuka. Nadhani Mswahili anaelewa haraka kuliko Mwingereza, ambaye kwake ua "hulazwa" tu. Wahenga wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Fundi wa ua anamkunja akiwa amekwisha kukauka: shina nene kama mkono wa mtu mzima, lenye umri wa miaka kumi na tano au zaidi, na siri yote iko kwenye kujua ukate mpaka wapi. Ukikata haba, shina linapasuka likielekea juu, na umeliharibu mbele ya watu. Ukikata mno, umeliua wala hujui. Litaonekana zima siku hiyo, waamuzi watalipa alama, na Juni litakuwa kuni.

Eneo lenyewe linaitwa Maasheggen, yaani nyua za Maas. Ni ukanda wa malisho unaofuata mto kutoka Cuijk kuelekea kusini, kupita Oeffelt na Boxmeer hadi pande za Vierlingsbeek. Ramani ya utawala imebadilika: tangu Januari 1, 2022, Boxmeer, Cuijk na majirani zao wameunganishwa kuwa halmashauri moja ya Land van Cuijk. Mto haukujali. Ukilitazama eneo kutoka juu unaona vipande vidogo vya majani, vingine vimepinda, vingine vyembamba kama ulimi wa kiatu, na kila kimoja kimezungushiwa mstari wa giza. Mstari huo ndio ua. Uti wa mgongo wake ni meidoorn, mti mfupi wenye miiba na maua meupe ambao jina lake maana yake ni "mwiba wa Mei". Kuna sleedoorn, mwenye miiba mirefu zaidi na matunda meusi ya kukaza mdomo, na kuna waridi-mwitu anayejipenyeza popote. Ndani yake huishi das, mnyama wa ukoo mmoja na nyegere wetu, anayechimba mashimo ardhini na kutembea usiku kwa kufuata nyua kama mtu anayefuata ukuta gizani.

Kwa nini nyua zilibaki hapa wakati sehemu nyingine za Uholanzi zilifyekwa? Jibu ni maji. Maas ni mto wa mvua. Haulishwi na theluji ya milima mirefu kama Rhine, kwa hiyo wakati wa baridi mvua zikikaza unapanda haraka na kufunika malisho. Nani ajenge nyumba hapo? Nani apande mahindi? Palibaki majani, na penye majani pana mifugo, na penye mifugo pana haja ya ua. Mafuriko yenyewe hayakuwa balaa tupu. Maji yaliyojaa tope yalipokutana na safu baada ya safu za miti ya miiba yalipunguza mwendo, na maji yakipunguza mwendo huangusha yalichobeba. Tope hilo lilikuwa mbolea ya bure. Ua mmoja ulikuwa unazuia ng'ombe, unaonyesha mpaka wa shamba, unakamata rutuba na kutoa kuni za jikoni. Si ajabu watu walikubali kuchomwa miiba kwa ajili yake.

Halafu ikaja seng'enge. Novemba 24, 1874, Joseph Glidden, mkulima wa Illinois huko Marekani, alipewa hataza namba 157,124 ya waya wenye miiba, na kabla karne haijageuka vizuri waya wa aina hiyo ulikuwa umeshaingia mashamba ya Ulaya. Hesabu ya mkulima haikuwa ngumu. Ua uliosukwa unahitaji kusukwa upya kila baada ya miaka kumi hadi ishirini hivi, na kupunguzwa katikati ya muda huo, na kila mita yake ni kazi ya baridi kali. Seng'enge inahitaji nguzo, nyundo na siku moja. Siwezi kumlaumu. Mimi pia ningenunua seng'enge.

Hakuna aliyekata nyua siku hiyo. Waliacha tu kuzisuka, na ua usiosukwa hukua juu na kutoboka chini, mpaka unakuwa mstari wa miti ambao hata kondoo mvivu anapita. Kilichofuata kilikuwa kikali zaidi. Kwa sheria ya mwaka 1924, iliyoongezewa nguvu mwaka 1938 na 1954, Waholanzi waliyachanganya mashamba yao madogo na kuyagawa upya yawe makubwa na yaliyonyooka ili mashine zipite. Wenye ardhi walipiga kura, na kulikuwa na wakati ambapo asiyehudhuria alihesabiwa kuwa amekubali. Mashine zilipopita, nyua zilikuwa kikwazo cha kwanza kuondoka. Ukanda wa Maas uliathirika pia, lakini malisho yanayozama hayakuwa na thamani kubwa ya kugombewa, na unyonge huo ndio uliookoa sehemu yake.

Mto nao ulifanyiwa kazi. Baada ya mafuriko makubwa ya mwanzoni mwa 1926 uliendelea kunyooshwa na kudhibitiwa. Bwawa la kuinua maji la Sambeek, jirani kabisa na Boxmeer, lilikamilika 1929, na mwaka 1942 ukafungwa mkondo wa zamani wa Beers uliokuwa ukiruhusu maji ya ziada kumwagika nchi kavu upande wa magharibi. Ikaja Desemba 1993, kisha Januari 1995, mafuriko mawili mfululizo, na wahandisi wakaanza kuhesabu kila kitu kinachopunguza kasi ya maji kwenye bonde. Sifa ileile iliyomtajirisha babu kwa tope, ya kuvunja mwendo wa maji, kwenye jedwali la mhandisi ilisomeka kama kosa. Kwa hiyo mashindano yalipozaliwa, ua wa Maas ulikuwa umepoteza kazi yake kwa mkulima na ulikuwa na maswali ya kujibu kwa mtu wa mto.

Hapa ndipo waandaaji wa mambo ya urithi humwita Julius Caesar. Mwaka 57 kabla ya Kristo, akipigana na kabila la Nervii, Caesar alikutana na nyua zilizomshangaza. Aliandika kwamba watu hao walikata miti michanga na kuikunja, matawi yakaota kwa wingi pembeni, wakaingiza miiba katikati, mpaka ua ukawa kama ukuta usiopenyeka hata kwa macho. Walifanya hivyo kuwazuia wapanda farasi wa majirani zao. Ni maelezo sahihi ya kiufundi, na fundi wa leo akiyasoma anaitambua kazi yake. Lakini Nervii waliishi kusini-magharibi, katika nchi ambayo sasa ni Ubelgiji, na kati ya sentensi ile na malisho ya Boxmeer kuna miaka elfu mbili. Kuunganisha mambo hayo mawili kwa mstari mmoja ni kama kusema mwashi wa Kilwa wa leo alifundishwa na mwashi wa Husuni Kubwa. Inapendeza kwenye tangazo. Ushahidi ulio bora zaidi uko palepale malishoni: ndani ya nyua za zamani bado yanaonekana mashina manene yaliyolala kwa ulalo, yamekua hivyo kwa miongo mingi, na juu yake matawi yamepanda wima kama watoto waliosimama juu ya mgongo wa mzee. Mtu aliyeshika mundu alipita hapo. Shina limekumbuka mkono wake kuliko jamaa zake.

Ili kuelewa jinsi mashindano yanavyofanya kazi, inabidi nivuke bahari kidogo, maana nchi yenye mashindano ya kale ya ufundi huu ni Uingereza, na historia yake imeenda kinyume kabisa.

Kule nyua nyingi zilipandwa kwa nguvu ya sheria. Kati ya mwanzo wa karne ya 17 na mwanzo wa karne ya 20, bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia na kugawa ardhi iliyokuwa ya matumizi ya pamoja, jumla ya ekari milioni 6.8 hivi. Miche ya miiba ilipandwa kwenye mipaka mipya, na mwanakijiji aliyekuwa akichunga ng'ombe wake kwenye mbuga ya wote akajikuta upande wa nje. Ua mzuri wa Kiingereza unaopigwa picha kwenye kalenda ni pia hati ya mtu kunyang'anywa. Wasomaji wetu wenye wazee waliohamishwa kupisha mashamba ya walowezi hawahitaji maelezo zaidi.

Nyua zikishakuwepo, lazima zitunzwe, na katika karne ya 19 vyama vya kilimo vya wilaya na vyama vya uwindaji vilianza kutoa zawadi kwa kibarua aliyelaza ua vizuri zaidi. Uwindaji ndio ufunguo. Bwana aliyepanda farasi akimfukuza mbweha alitaka vizuizi vya kurukwa, na ua ni kizuizi kizuri: farasi anauona. Seng'enge iliyojificha ndani ya majani inampasua farasi tumbo. Vyama vya uwindaji viliichukia kiasi cha kuchangisha fedha za kuiondoa mashambani. Kwa hiyo wakati mkulima wa Maas alikuwa na seng'enge mlangoni na hakuna wa kumzuia, mpangaji wa Leicestershire alikuwa na mwenye shamba anayemwangalia kwa jicho baya akinunua waya. Ufundi wa kibarua maskini ulilindwa na mchezo wa tajiri. Si sababu nzuri. Ila ulifika karne ya 20 ukiwa na watu wanaoujua.

Hata hivyo nusura ufe huko pia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya Uingereza ilitoa ruzuku kwa wakulima waliong'oa nyua, kisha baadaye ikatoa ruzuku kwa waliozipanda, na mwaka 1997 ikaweka kanuni za kumtaka mwenye shamba atoe taarifa kabla ya kuondoa ua. Mwaka 1978 kilianzishwa chama cha taifa cha wasukaji, ambacho mlezi wake leo ni Mfalme Charles III, mtu ambaye mwenyewe anajulikana kwa kulaza nyua kwenye shamba lake. Ubingwa wa chama hicho hufanyika kila Oktoba, mwanzo wa msimu, na kila mwaka mahali pengine. Mshindani wa mtindo wa Midland anapewa kama yadi 10, sawa na mita 9, na saa tano.

Nimesema mtindo wa Midland kwa sababu ipo mitindo mingi, na hapo ndipo ng'ombe wetu anaporudi. Midland huitwa pia ua wa maksai. Umetengenezwa kumzuia mnyama mzito anayeegemea: vigingi vimepigwa kila sentimeta 45 hivi, mashina yamelazwa kwa pembe, matawi yenye miiba yote yameelekezwa upande wa mnyama, na juu kabisa fito za kunyumbulika zimesokotwa kama ukingo wa kikapu ili kufunga kazi. Ua wa Yorkshire ni mwembamba na mfupi, kwa kuwa upande mmoja mna kondoo na upande wa pili mna mazao, na shamba hilohilo mwaka ujao litabadilishana. Devon huulaza ua juu ya tuta la udongo, karibu sambamba na ardhi, na kuubana kwa vijiti vya kulabu. Kila mtindo ni picha ya mnyama aliyekuwa upande wa pili. Ukiondoa mnyama, picha inabaki, na mwamuzi anaisahihisha kama vile mnyama atarudi jioni.

Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo kubwa ambalo mashindano hufanya, na ndilo Maasheggen walilolipata. Shindano lolote linahitaji kipimo. Wangeweza kupima uzuri. Wangeweza kupima kasi, wakaleta chensoo, na mwisho wa siku wakapata mita nyingi za matawi yaliyoangushwa. Lakini lengo lilibaki ua usiopitika na mifugo, na lengo hilo ni katili kwa namna yake: tundu chini ni tundu, hata kama juu pamesukwa kama ukili wa Pemba. Ng'ombe asiyekuwepo hahongwi. Hapendezwi na mavazi ya kale. Anatafuta penye nafasi tu.

Jambo la pili ni kuonekana. Kusuka ua ni kazi ya upweke: mtu mmoja, baridi, mwiba uliovunjikia kidoleni. Mjuzi anaweza kufanya kazi miaka thelathini bila kuona jinsi mwenzake anavyokata. Siku ya mashindano wanapangwa mstarini, vipande vyao vimegusana, na kila mtu anaweza kugeuza shingo na kuona kosa la jirani likiwa bado bichi. Kwa ufundi ambao mnyororo wa mzee na kijana ulikuwa umekatika, hilo ni darasa ambalo kitabu hakiwezi kuwa. Wengi wanaokuja si wakulima. Ni watu wa mjini wanaopenda mazingira, wanaojitolea, vikundi vya marafiki, na wengine walijifunza miezi michache iliyopita. Yupo atakayesema basi huu si urithi, ni burudani ya wikiendi. Mimi naona tofauti. Mkulima aliuacha ufundi kwa sababu nzuri, na aliyeuokota ana haki ya kuushika, mradi anakata ulimi sawasawa.

Tarehe nayo inasema kitu. Jumapili ya pili ya Machi haiwezi kuangukia nje ya tarehe 8 hadi 14. Na Machi 15 ndiyo siku ambayo Waholanzi kwa desturi huanza kuhesabu msimu wa ndege kutaga, ambapo mtu hagusi ua. Sidhani ni bahati nasibu. Mashindano yanafungua mlango wa mwisho wa msimu: majani hayajatoka, mti bado umelala, mwanga wa mchana umeshaongezeka, na wiki moja baadaye ingekuwa kuvunja viota. Waingereza wanashindana Oktoba ili kuanza msimu wa kazi. Watu wa Maas wanashindana kuufunga.

Kuna tofauti nyingine ambayo kwangu ni nzito kuliko zote. Ubingwa wa Uingereza unahama kila mwaka. Huu wa Maas unakaa. Unaweza kusogea kutoka kijiji kimoja kwenda kingine, lakini ndani ya bonde lilelile, na kila mwaka unaacha nyuma kipande kipya cha ua uliosukwa ambacho majirani watakiona Aprili, na Aprili ya mwaka ule mwingine. Shina lililokatwa mno litakufa hadharani, kwenye njia ambayo mshindi mwenyewe anapita na mbwa wake. Waamuzi hutoa alama za siku moja. Kijiji kinaendelea kutoa alama zake.

Julai 2018 kikao cha UNESCO kilichofanyika Palembang, Indonesia, kiliiingiza Maasheggen kwenye orodha ya hifadhi hai za binadamu na viumbe, hekta 6,700 hivi. Ilikuwa hifadhi ya pili ya Uholanzi ya aina hiyo, baada ya Bahari ya Wadden iliyoingizwa 1986. Msomaji wa Kigoma anaweza kufurahi kujua kwamba kikao hichohicho kiliingiza Gombe Masito Ugalla. Sokwe wa Tanganyika na miiba ya Maas walipokewa kwa pamoja. Linganisho hilo si mzaha mtupu: aina hii ya hifadhi haimfukuzi binadamu, inamtaka abaki na kufanya kazi, na kule Maas kazi hiyo ilikuwa imeshapewa uso na siku yake kwenye kalenda. Sisemi mashindano ndiyo yaliyoleta hadhi ile. Lakini ni rahisi zaidi kuwaonyesha wageni watu mia kadhaa wakisuka kuliko kuwaonyesha makala kuhusu watu waliokuwa wakisuka.

Sasa upande wa pili wa hesabu. Methali yasema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Inahusu kuukwea, najua, lakini isome kwa maana ile nyingine ya kupanda na bado ni kweli. Ua uliosukwa leo ni deni. Machipukizi yanahitaji kupunguzwa, nyasi na miiba ya kutambaa inahitaji kuondolewa isizinyonge sehemu za chini, na baada ya miaka kumi na kitu mtu arudi na mundu aanze upya. Watazamaji hawaji kwa kazi hiyo. Hakuna kombe la kupunguza. Kinachoendesha nyua katikati ya mashindano ni fedha na mikataba: ruzuku, mashirika ya mandhari, na tangu 2016 vyama 40 vya wakulima ambavyo Uholanzi huvipitishia malipo ya utunzaji wa mazingira mashambani. Mkulima analipwa kwa sababu ya ndege, das na kaboni, na mkataba ukiisha anakaa tena mezani na hesabu ileile ya babu yake. Shindano linaweza kumpa fundi. Bei ya maziwa hailigusi.

Na umbali kati ya mita zinazosukwa siku ile na urefu wa nyua zote za bonde ni mkubwa mno kwa siku moja ya mwaka kuufunika. Ndiyo maana nakataa maneno ya "kuokoa nyua" yanayosemwa kirahisi. Kilichookolewa ni mikono. Mikono ikiwepo, mwenye ardhi akiamua kusuka atampata wa kumwita, na miaka arobaini iliyopita asingempata kirahisi. Kama ataamua, hilo ni suala la mkataba wake.

Nimalizie na Mei, kwa kuwa picha zote huishia Machi. Vikundi vimeshaondoka, matawi yaliyokatwa yamechukuliwa, maua meupe ya meidoorn yametoka hata kwenye mashina yaliyolazwa. Chini, kwenye visiki, kuna machipukizi laini ya kijani, marefu kama kidole. Ndiyo yatakayokuwa ua wenyewe. Na sasa mlango wa banda umefunguliwa, na ng'ombe halisi anakuja malishoni. Hana habari na alama za waamuzi. Haegemei ua wala hatafuti tundu. Anatafuta machipukizi, maana ni matamu kuliko majani. Akiachwa wiki moja atakula miaka mitatu ya kazi. Kwa hiyo mwenye shamba anayejua mambo huchukua nguzo, nyundo na waya, na kwa misimu ya mwanzo anauwekea ua mpya seng'enge mbele yake, ili ng'ombe asiufikie.